Siku ya Arobaini na Moja

Ninaapa, na wanaonijua wakae kimya kidogo wanipishe niape, kwamba yote nitakayoandika hapa ni kweli tupu, sikuongeza hata nukta. Sifa yangu naijua. Mtaani kwetu wanasema nikikwambia mvua inanyesha, utoe mkono dirishani kwanza. Ni kweli niliwahi kusimulia habari ya mbuzi aliyepiga kura, lakini hata ile ilikuwa karibu sana na ukweli, maana jina la mbuzi lilikuwamo kwenye daftari la wapiga kura na langu halikuwamo. Hii ya leo haina mbuzi. Niliiona kwa macho haya mawili, moja likiwa na mtoto wa jicho, nikiwa mtumishi wa serikali kwa miaka thelathini na moja.

Nchi yenyewe sitaitaja. Na jina langu pia mniwie radhi. Mtumishi mstaafu, hiyo inatosha.

Katika nchi ile bunduki ilikuwa kitu cha kawaida kama ufunguo. Kinyozi alikuwa na kulabu mbili ukutani, moja ya koti la mteja na moja ya bunduki yake. Misikitini na makanisani palikuwa na rafu mlangoni, na mnajua yanayotokea kwenye kandambili: unatoka unakuta yako imeondoka na mtu mwingine, na wewe unajichukulia iliyobaki mradi inalingana. Bibi harusi alitunzwa vitenge, mabakuli, na bastola ndogo ya kuweka mkobani. Serikali ilisema yote haya ni kwa ajili ya usalama. Mtu akiuliza usalama dhidi ya nani, aliambiwa: dhidi ya watu wenye bunduki. Jibu lilimtosha kila mmoja, maana watu wenye bunduki walikuwa wengi kweli.

Sasa, mara kwa mara, mtu mmoja huamka vibaya. Huyo huchukua bunduki yake, au huenda kununua nyingine mpya, kisha hutafuta mahali penye watu. Shuleni, sokoni, kwenye foleni. Sina haja ya kueleza zaidi. Mnajua.

Ilipotokea mara ya kwanza, wabunge walianza kutupiana maneno juu ya bunduki siku ile ile ya mazishi, na mmoja wao alihutubia akiwa amesimama juu ya kaburi ambalo halijajaa. Nchi nzima iliona haya. Mtukufu Rais akazungumza redioni, sauti imemkauka: "Ndugu wananchi, udongo bado mbichi, wafiwa hawajaanua matanga, na nyinyi mnaleta siasa. Sisi ni watu wenye mila. Kwetu msiba una arobaini yake."

Hapo ndipo ilipozaliwa Sheria ya Heshima kwa Marehemu. Ilikuwa fupi, na niliichapa mimi mwenyewe kwa vidole viwili. Yakitokea mauaji ya halaiki, taifa zima litakaa matanga kwa siku arobaini, na ndani ya siku hizo ni marufuku mtu yeyote kusema, kuandika wala kuashiria jambo lolote juu ya bunduki. Siku ya arobaini na moja, saa tatu kamili asubuhi, Bunge litafungua mjadala. Na mjadala ukishafunguliwa hautafungwa, kwa sababu yoyote ile, mpaka uamuzi upatikane.

Sheria nzuri. Nilipomaliza kuichapa nilitokwa na machozi. Isipokuwa waliotunga walisahau kupiga hesabu. Siku ya kumi na tisa ya arobaini ile ya kwanza, yakatokea mengine. Basi heshima ikadai arobaini ianze upya. Siku ya ishirini na saba, mengine tena. Hadi wakati ninaousimulia, miaka kumi na minne ilikuwa imepita, na siku ya arobaini na moja ilikuwa haijawahi kufika.

Si kwamba Bunge halikujiandaa. Ukumbi wa Mjadala ulikuwepo, una zulia jekundu, una viti vya ngozi, na vipaza sauti mia tatu bado vimefungwa kwenye nailoni zake. Kila Alhamisi mzee mmoja aliingia kufuta vumbi, akatoka, akafunga.

Kazi yangu mimi ilikuwa ubao.

Ubao wenyewe ulisimama mbele ya Bunge, juu ya nguzo mbili, urefu wa watu watatu. Kila asubuhi saa moja nilipanda ngazi nikatundika kibati chenye namba ya siku. Yakitokea mauaji, nilipanda tena, hata kama ni mchana watu wanakula, nikashusha kibati kilichopo nikatundika namba moja. Ilikuwa kanuni kwamba hakuna mauaji yaliyotokea kiserikali mpaka ubao useme. Hospitali zilinipigia simu mimi kwanza. Waziri wa Rambirambi alichungulia dirishani, akiona namba moja ndipo anavaa tai nyeusi.

Vibati vilitengenezwa arobaini. Niliandika barua kuomba cha arobaini na moja. Hazina ilijibu kwamba haikuona uhitaji kwa mwaka huu wa fedha.

Mtu wa ubao hana rafiki. Nikitokea barabarani na ngazi begani, watu walivuka upande wa pili. Wanawake walivuta watoto ndani. Dukani kwa jirani yangu walinihudumia haraka haraka kuliko wateja wote, si kwa heshima, ni ili niondoke. Harusini sikualikwa, eti nitaleta nuksi, na misibani sikualikwa kwa sababu walisema nimeshaleta. Nilikula peke yangu miaka mingi mpaka nikazoea kusikia sauti ya meno yangu.

Ndipo alipokuja Mama Nuruana.

Binti yake, Nuruana, alikuwa anasomea ualimu. Aliuawa asubuhi moja pamoja na watu wengine sita kwenye foleni ya vitambulisho vya taifa. Niliitundika namba moja yake mimi, kama nilivyotundika za wengine. Baada ya wiki nikaona mwanamke wa makamo amekaa chini ya ubao juu ya kigoda, amejifunga khanga mbili, anaangalia juu.

"Habari za kazi, Bwana Karani," akaniambia. Nikageuka nyuma kuangalia nani anasalimiwa.

"Nzuri, Mama Nuruana," nikasema, maana jina la marehemu nililiona kwenye orodha.

Alikaza khanga kiunoni. Baadaye akasema, "Hakuna anayeniita hivyo tena. Wamerudi kuniita Mwasiti, jina la usichanani. Wanadhani wananihurumia."

Alikuwa ameandikishwa kuwa shahidi. Sheria ilimruhusu mfiwa kuzungumza ukumbini siku ya arobaini na moja, na yeye alikuwa namba moja kwenye orodha. Si kwamba aliwahi kuliko wote. Waliomtangulia walichoka, au walihama, na wawili waliuawa kwenye mauaji mengine wakati wakingoja, wakahamishiwa orodha ya pili.

"Utasema nini humo ndani?" nilimuuliza siku moja.

"Jambo moja tu. Hata chai haitapoa."

"Nidokeze basi."

"Nikikudokeza nitakuwa nimelisema, na leo ni siku ya sita. Unataka nifungwe?"

Alikuja kila asubuhi kwa miaka mitatu. Ngazi yangu ilikuwa na mguu mmoja mfupi, ikiyumba tangu nilipokabidhiwa. Yeye akawa anaishika. Mimi napanda, yeye ameshika chini, ananiambia kibati kimepinda, sogeza kushoto. Kisha tunakunywa chai ya chupa yake. Mara zaidi ya thelathini nilirudi namba moja mbele ya macho yake, na mara zote alishika ngazi tu, kisha akanimiminia chai kama kawaida. Sikuwahi kumwambia, lakini niliacha kusikia meno yangu.

Sasa fikeni nami kwenye ule mwezi wa ajabu.

Namba ilipanda. Thelathini. Thelathini na tatu, ambayo ndiyo ilikuwa rekodi. Thelathini na nne, watu wakaanza kusimama mbele ya ubao wakiwa na kofia mkononi. Thelathini na sita, serikali ikatoa tamko. Waziri wa Rambirambi, Mheshimiwa Sekibo Mandara, mtu mwenye sauti ya kusomea wosia, alisimama kwenye ngazi za Bunge akasoma:

"Ndugu wananchi, serikali imepokea kwa mshtuko mkubwa taarifa kwamba watu hawajafa. Tunawaomba mtulie. Vyombo vinavyohusika viko macho, na hali hii tunaifuatilia kwa karibu sana."

Haikuwa upande wa serikali tu. Kiongozi wa upinzani, Mheshimiwa Chalamanda, alikuwa ameshinda chaguzi tatu kwa kauli mbiu ya Siku ya Arobaini na Moja Mtanitambua. Siku ya thelathini na sita alilazwa kwa presha. Ilisemekana alikuwa anatafuta hotuba aliyoiandika miaka kumi na minne nyuma, na mkewe alikuwa amefungia maandazi. Umoja wa Wenye Bunduki Wapenda Amani, ambao kila baada ya mauaji ulipeleka shada la maua lenye umbo la risasi, ulifanya kikao cha dharura kujadili afanye nini mtu ambaye ameagiza mashada na hakuna wa kuwekewa.

Zikatafutwa njia. Mbunge mmoja alipendekeza Jumapili zisihesabiwe. Mwingine akataka ziondolewe siku za mvua, kwa kuwa mvua huzuia watu kuhuzunika ipasavyo. Mwanasheria Mkuu akasimama na kitabu chake. "Waheshimiwa," alisema, "kubadili sheria hii ni lazima tuijadili. Kuijadili ni kuzungumzia bunduki. Kuzungumzia bunduki ni marufuku mpaka arobaini iishe." Akakaa. Nimeambiwa alipigiwa makofi na watu wasiojua walikuwa wanashangilia nini.

Siku ya thelathini na nane, katika mji wa kusini unaoitwa Mkwezi, mtu aliamka vibaya. Aliingia kwenye duka la kinyozi. Watu watatu walikufa pale pale.

Watatu. Na hapa lazima nieleze, maana wageni hawaelewi. Kamati ya Tafsiri ilikuwa imeamua zamani kwamba mauaji ya halaiki yanaanzia watu wanne. Wakifa watatu linaitwa tukio la kusikitisha, bendera inashushwa robo, na ubao hauguswi. Wanne, ndipo arobaini inaanza upya. Na kule Mkwezi kulikuwa na majeruhi mmoja, kinyozi mwenyewe, Sudi Kilembwe, ana risasi mbili tumboni, yuko hospitali, anapumua.

Hajawahi kupendwa mgonjwa kama yule. Waziri alisafiri kwa ndege akiwa na maua na waandishi wa habari, na redio ikatangaza moja kwa moja kutoka kitandani.

"Daktari," alisema Waziri, "mgonjwa wetu hateseki?"

"Anaendelea vizuri, Mheshimiwa."

"Vizuri kwa kiasi gani?"

"Leo amekunywa uji."

Kisha sauti ya Waziri, kwa upole kabisa: "Uji wote?"

Joto la mwili wa Kilembwe lilisomwa redioni kabla ya taarifa ya habari. Likipanda, ofisini kwetu watu walikuwa wachangamfu. Likishuka, walifunga milango kwa kishindo. Mama Nuruana alikuwa na kijiredio chake pale kwenye kigoda, na midomo yake haikutulia. Kwa mara ya kwanza yeye na serikali walikuwa wanamwombea mtu mmoja, ila dua hazikuwa zinaelekea upande mmoja.

"Akifika keshokutwa asubuhi tu," alisema. "Baada ya hapo nitamwombea aishi miaka mia, lakini keshokutwa asubuhi ni ya lazima."

Siku ya arobaini ilipofika nilitundika kibati cha mwisho. Kilikuwa hakijawahi kutoka kwenye karatasi yake, kiling'aa mpaka macho yakauma. Umati ukakaa. Wengine walileta mikeka.

Saa tisa na dakika kumi alasiri simu ikalia ofisini kwangu. Ilikuwa hospitali ya Mkwezi. Sudi Kilembwe alikuwa amefariki.

Alikuwa wa nne.

Sasa hapa ndipo mtaniamini kwa shida, lakini nimeshaapa. Niliweka simu chini. Nikafikiri: hakuna mauaji yaliyotokea kiserikali mpaka ubao useme, na ubao ni mimi. Nikinyamaza mpaka kesho saa tatu, mjadala utafunguliwa, na ukishafunguliwa hakuna wa kuufunga. Basi nikanyamaza. Kesho yake saa moja nilichukua mfuniko wa sufuria yangu kubwa, nikaandika arobaini na moja kwa rangi nyeupe ya dirishani, nikapanda, nikautundika. Umati ulinguruma kama garimoshi. Walitafuta ufunguo wa Ukumbi wa Mjadala wasiuone, wakaungoa mlango. Wabunge wakaingia wakitetemeka, wakaanza kuvua nailoni kwenye vipaza sauti, nailoni mia tatu kwa pamoja, mlio wake kama mvua ya mawe. Akaitwa shahidi namba moja.

Mama Nuruana akasimama, mrefu kuliko alivyokuwa. Akanyoosha mkono. "Enyi wana wa taifa hili tukufu," akasema, "lini mtatambua kwamba chuma hakina huruma? Damu ya wanetu inapaza sauti kutoka ardhini! Ustaarabu wetu umekuwa kivuli, na kivuli kimekuwa giza!" Alizungumza saa mbili bila kumeza mate. Mheshimiwa Mandara akalia mpaka tai ikashika maji. Mheshimiwa Chalamanda akapona. Kabla ya adhuhuri uamuzi ulikuwa umepatikana kwa kura zote, na wananchi wakapanga mstari kurudisha bunduki, zikayeyushwa zikawa majembe na masufuria, na mpaka leo ukienda nchi ile ukala wali, umepikwa kwenye

"Bwana Karani."

Hapo nilikuwa namsomea. Nieleze vizuri. Niliandika kisa hiki kwa wiki mbili, kisha nikaona si haki kukitoa bila mwenyewe kukisikia. Nikatuma salamu. Sikutegemea aje, maana ni mwaka wa pili hatujaonana. Alikuja leo baada ya sala ya adhuhuri, akakaa kwenye kiti pekee nilicho nacho, mimi nikakaa kitandani nikasoma. Kwenye uji wa Kilembwe alicheka. Kwenye chai alitazama chini. Sasa aliweka kikombe sakafuni.

"Huyo anayezungumza humo ni nani?"

"Ni wewe, Mama Nuruana."

"Mimi nimesema kivuli kimekuwa giza?"

"Nilitaka upendeze."

"Hilo neno ustaarabu hata sijawahi kulitia mdomoni. Na huo mlango wameungoa lini? Nimepita pale wiki iliyopita, uko mzima, mzee wa Alhamisi alikuwa anatoka na kitambaa chake."

Nikazipanga karatasi zangu upya.

"Umeapa mwanzoni," alisema. Hakuwa amepandisha sauti. "Nimekusikia, umeapa hata nukta hujaongeza. Haya. Mimi nilikuwa wapi siku ile? Sema wewe."

"Chini ya ubao."

"Nafanya nini?"

"Mama Nuruana, ni hadithi tu, watu watafurahi."

"Nafanya nini?"

Basi. Imeshindikana. Ameniambia nichukue karatasi nyingine niandike alipo, akiona, na ninaandika.

Simu ililia saa tisa na dakika kumi. Hiyo ni kweli. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi na yeye aliuona uso wangu. Alikuja mpaka kizingitini.

"Ni kinyozi?" aliniuliza.

"Ndiyo. Amefariki."

"Nani mwingine anajua?"

"Nje ya hospitali, mimi na wewe."

"Basi," alisema. Akarudi kukaa kwenye kigoda, akakunja mikono, akaangalia mbele. Hakuniomba. Hakuniambia fanya hivi. Alikaa tu, na alikuwa na saa kumi na nane za kungoja mtu mmoja anyamaze.

Nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu. Nilikaa na ile simu robo saa. Hakuna aliyenipigia, hakuna aliyenitisha, hakuna mkubwa aliyepita hata korido. Ningependa kuandika kwamba walinitisha. Saa tisa na nusu nilichukua kibati cha namba moja nikabeba ngazi nikatoka. Umati ulipoiona ngazi ulielewa, ukaanza kukunja mikeka. Niliegemeza ngazi. Ikayumba, kama siku zote. Nikapanda vidato viwili nikahisi imetulia. Niliangalia chini. Alikuwa ameishika, kwa mikono miwili, uso ameugeuzia upande.

Nilipokuwa nimetundika, hakusema kama kimepinda.

Kesho yake hakuja. Wala siku nyingine. Baada ya miezi minne nilistaafu, wakanipa cheti na saa ya ukutani. Sherehe ilihudhuriwa na mimi, Mkuu wa Idara, na mpiga picha, na mpiga picha aliondoka mapema.

"Nimemaliza," nimemwambia. "Ndivyo ilivyokuwa."

"Bado. Umenitilia maneno mdomoni, sasa uyatoe utie yangu. Andika."

"Lile jambo lako?"

"Andika."

Ameyasema kama mtu anayeagiza vitu dukani, polepole ili nisimwache, na mimi nimeandika kama alivyosema:

*Baada ya mazishi nilikwenda kwenye duka alikonunua yule kijana. Liko mtaa wa pili kutoka pale kwenye foleni. Nilimkuta muuzaji, mtu mzima, mstaarabu wake, akanipa kiti. Nikamuuliza: alipokuja kununua ulimuuliza nini? Akasema: nilimuuliza kama anataka mfuko. Nikamuuliza: alitaka? Akasema: hapana Mama, alisema nisijisumbue, anaitumia hapa hapa karibu.*

"Umeona?" nikamwambia. "Neno mstaarabu umelitumia."

"Nimesema mstaarabu, sikusema ustaarabu. Usinichokoze. Andika jina."

"La nani?"

"Lako. Mimi umenijaza kila ukurasa, Mama Nuruana huku, Mama Nuruana kule, na binti yangu yumo. Wewe uko wapi?"

"Leo ni siku ya kumi na moja, Mama Nuruana. Nikiweka jina, adhabu yake unaijua?"

"Kufungwa, lakini muda gani siujui."

Nikamwambia, kwa kuwa nayo niliichapa mimi: atakayezungumzia bunduki ndani ya matanga atawekwa ndani mpaka arobaini iishe.

"Mimi nimekaa nje mpaka arobaini iishe," amesema. "Tofauti ni paa."

"Na nchi je? Niitaje?"

"Ya nini? Wanaijua."

Haya. Ninaitwa Mbaraka Sefu Kilindo, karani mstaafu wa ubao. Nakaa Mtaa wa Kinu, nyumba ya tatu kutoka kwenye mashine ya kusaga, chumba cha nyuma. Karatasi za mwanzo amekwisha kuzifunga kwenye pindo la khanga azipeleke kwa mchapaji, anangoja hii ya mwisho tu, amesimama. Nimemwomba akae kidogo tunywe chai, amesema mchapaji anafunga saa kumi na moja. Mlango nimeuacha wazi, wasije wakauvunja bure. Nyumba si yangu, ni ya kupanga.